Herufi Moja

Saa nne asubuhi. Nje joto limefika arobaini na sita,
humu maabara Muscat nimevaa sweta.
Chini ya hadubini nina ini la baba,
kipande chembamba kushinda ganda la kitunguu,
kimepakwa waridi na zambarau.
Badriya kaniambia: mpe mwingine asome.
Sikumpa.

Mama akiudhika alisema, umenikata maini.
Hakujua ini hukatwa nusu likaota tena,
kwamba damuni mna matarishi,
vichocheo vya ukuaji, ndivyo tunavyoviita kazini,
wabisha hodi kwenye seli na neno moja tu:
Kua.
Seli hukua, jeraha hufumba, matarishi hurudi kwao.

Ndivyo zamu ya falaji kule Ibra.
Maji yako yakishapita unaziba kwa jiwe na tambara,
yaende kwa mitende ya jirani.
Baba hakuwahi kuiba hata dakika.

Virusi viliingia mwaka asioukumbuka,
pengine wembe wa kinyozi, pengine sindano ya kambini,
vikakaa miaka thelathini bila kugonga hata sufuria.
Kila siku jeraha, kila siku mwito,
kua, kua,
na wa kuziba hakuna.
Likaja kovu. Kovu likafuma kovu,
ini likafungwa vifundo kama mzigo wa msafiri
asiyesema aendako.

Halafu hapa, pembeni, juu kushoto:
seli zimesongamana, viini vyeusi, vikubwa,
zimesahau namna ya kusimama.
Zinajitumia matarishi zenyewe.
Zimejichimbia hata falaji yao ya damu.

Kua.
Ongeza u moja: kuua.
Kiswahili nimekinywa na maziwa
na sikuwahi kuliona hilo
mpaka leo, saa nne na dakika kumi.

Naandika ripoti kwa Kiingereza, mistari sita,
hakuna neno baba ndani yake.

Simu inatetema mfukoni.
"Zuwena, ukija Alhamisi niletee papai, hamu imerudi kidogo.
Na huyu Aiman nimempima kwenye mlango wa jikoni,
kapita alama ya Idi kwa vidole viwili!
Amekua, mwanangu. Sema mashaallah."

Mashaallah, baba.
Nikaomba arudie.
Nilitaka kulisikia tena lile neno,
na k yake.