Kamba ya Kuanikia

Mji wetu uko chini ya tuta.
Ziwa la Okeechobee liko pale, hatua mia mbili,
lakini kuliona lazima upande ukuta wa udongo,
na magoti yangu hayataki. Nalijua kwa pua:
Agosti, mwani ukioza, harufu ya mayai viza.

Nilipofika Florida niliambiwa hapa hakuna majira.
Aliyeniambia anaishi pwani, maili arobaini,
nyumba yake inatazama bahari na kuipa miwa kisogo.
Majira yapo. Yananing'inia uani kwangu.

Oktoba naanika shuka nyeupe saa moja asubuhi,
saa nne naanua shuka zenye madoa,
kama zimelaliwa na chui.
Watoto huyaita theluji nyeusi.
Ketsia wa jirani, miaka saba, hajaona theluji nyingine,
huyadaka kwa ulimi mpaka mama yake apige kelele
kwa Kikrioli. Sikijui,
ila kemeo halihitaji mkalimani.

Mimi si mgeni wa moshi huu.
Kidatu, baba alikata miwa.
Alirudi jioni amejaa masizi,
meno yakimtangulia kutusalimu.
Lakini Kidatu tulikuwa na mlima nyuma ya nyumba,
na usiku mlima ulishusha upepo wa baridi
ukafagia uwanja kabla hatujanawa mikono.
Hapa nchi imelala kama sinia.
Hakuna kilima cha kukiomba msaada.
Januari ardhi ikipoa,
moshi huchoka, hushuka, hujinyoosha barabarani,
na hewa ya joto huufunika juu kama blanketi.
Nasi tumo humo humo, tunalala nao.

Bwana Purdy, aliyefanya kazi kiwandani
mpaka kidole kimoja kikabaki huko,
alinichorea upepo kwenye risiti ya dukani.
Ukielekea mashariki, kwenye hoteli na viwanja vya gofu,
kiberiti kinarudi mfukoni.
Ukielekea kwetu, kibali kinatoka kabla ya chai.
"Upepo haulipi kodi," alisema,
"lakini unamjua anayelipa nyingi."

Nyumba yake ilijengwa na kidato kimoja mlangoni.
Sasa ni vinne.
Nyumba haikupanda, ardhi ndiyo inayoshuka:
udongo mweusi, majani yaliyooza tangu kabla ya Nuhu,
ukikauka unaliwa na hewa,
na hewa tunaila sisi.

Juni mvua inakuja na ngurumo zake za alasiri,
mbingu inasukutua kinywa.
Pampu ya Ketsia inahamia kwenye droo ya vijiko.
Anakimbia. Namsikia akikimbia, na nasahau kuhesabu.

Ila Julai moja anga liligeuka maziwa.
Redio ikasema ni vumbi la Sahara,
limevuka bahari nzima bila kutua.
Nilitoka na khanga mabegani,
nikapitisha kidole kwenye kioo cha gari.
Wekundu.
Najua Sahara si kwetu. Kutoka Kidatu hadi huko
mtu angemaliza viatu.
Lakini nilikitazama kile kidole muda mrefu,
kama mtu aliyepokea barua
yenye bara lake na jina la mwingine.
Kisha nikasikia, ukutani, Ketsia akikohoa vumbi hilo hilo,
nikaona aibu, nikajipangusa.

Sasa ni Oktoba tena.
Juzi usiku kamba ilivutwa kuja kwetu,
na mama yake aligonga: una shuka za ziada?
Tulilowesha zile za madoa, tukazitundika dirishani,
mashine ya mtoto ikinguruma katikati yetu hadi alfajiri.
Kulipokucha upande wa nje ulikuwa mweusi.
Upande wa ndani pia, kidogo.

Nimezifua.
Nimesimama uani na beseni kiunoni,
nimelamba kidole, nimekiinua.
Bado sijaanika.