Vidole Viwili vya Ausma

Watu wa Riga waliamini dubu ndiye aliyevila,
naye hakuwakanusha. Tiketi ziliuzika upesi
mwanamke akiingia uwanjani na mkono wa vidole vitatu,
nyuma yake Brencis, kilo mia mbili na themanini,
kajifunga ukosi mwekundu kama karani wa posta.

Mimi nilikuwa mbeba ndoo, miaka kumi na minne.
Nilikata karoti, nilikoroga uji wa shayiri,
nilioga mara tatu na darasani bado waliziba pua.
Kwa hiyo najua. Ni mlango wa behewa uliovikata,
stesheni ya Omsk, Februari, baridi ya kupasua mawe.
Brencis alikuwa akikohoa, upepo unapenya,
Ausma akauvuta mlango kama mtu mwenye mgonjwa ndani.
Hakupiga yowe.
"Imants," alisema, "tafuta kitambaa."
Kisha akauliza kama dubu amekunywa maji.

Alianza kwa kupiga pasi mavazi ya wengine:
suruali za wapanda kamba, koti la mchekeshaji
lenye mfuko wa siri wa kutoa bata.
Dubu aliletwa ndani ya kikapu cha viazi,
kipofu bado, mama yake tayari ni ngozi sokoni.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu;
ulimwengu wake ukawa kifua cha Ausma,
chupa ya maziwa usiku kucha,
na koti la mume aliyekwenda kununua sigara
akasahau njia ya kurudi.

Usiniulize kama alimpiga.
Haya, umeshauliza. Mara mbili, nikiona.
Mara ya pili alikwenda nyuma ya pipa la maji
akatapika, akajifuta, akarudi,
na onyesho la saa moja likaanza saa moja.
Fimbo ilikuwepo. Pete ya puani ilikuwepo.
Na sukari: bonge moja kwa kusimama,
moja kwa kuzunguka, mawili kwa baiskeli,
zote zikitoka mfuko wa kulia wa aproni.

Miaka ishirini na moja. Tashkenti, Minski, Odesa,
miji aliyoijua kwa maji ya mabomba yake.
Halafu bendera zikabadilishwa, pesa zikabadilishwa,
na siku moja mlangoni wakasimama vijana wenye mabango,
wa rika la mwana ambaye hakumzaa.
Alisoma mabango yote, polepole, bila miwani.
"Wana haki," alisema. "Lakini hawajui anapenda kukwaruzwa wapi."

Brencis alipelekwa bustani ya wanyama, ng'ambo ya mpaka.
Ausma akapata kazi ya kupokea makoti ukumbi wa opera.
Vidole vitatu vinatosha kushika kibandiko cha namba.
Koti la manyoya likija, alichelewa kidogo kulitundika.

Tulikwenda kumwona mara moja tu, mwezi wa Mei.
Alikuwa amelala ng'ambo ya handaki, mgongo kwetu,
mnene, mchafu, huru kiasi cha ua lile.
Ausma hakumwita. Naapa, hakufungua kinywa.
Mkono tu uliingia mfukoni, kwa mazoea yake wenyewe.

Dubu akainuka.
Akasimama kwa miguu miwili, akazunguka mara tatu
kwa tarumbeta ambayo hakuna aliyeipiga,
akatulia, kichwa upande, akingoja.
Watoto wakashangilia. Baba mmoja akapiga picha.
Ausma aliugeuza mfuko nje: nyuzi, tiketi ya basi.
Hata chembe.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema,
lakini hawakusema ufanye nini kikibaki na njaa.

Ndani ya treni alikaa kimya hadi mashamba yakaisha.
"Nilidhani nimemfunza kucheza," alisema.
"Kumbe nilimfunza kungoja."
Kisha akaniomba nifunge mlango, upepo unaingia.
Nikaufunga taratibu,
nikiangalia kwanza mkono wake uko wapi.