Mshono Ulioruka

Ilikuwa ngiri tu.
Ndivyo tulivyoambizana nyumbani, Nkuhungu:
ngiri tu, kama mtu anayesema kifungo tu.
Nikaacha mezani sare kumi na tisa za shule,
mashati bila kola, kaptula bila mifuko,
na chaki yangu ya bluu juu ya kitambaa.

Walinishona vizuri. Nilikagua mwenyewe
bendeji ilipofunguliwa: nyuzi saba, nafasi sawa,
mkono wa mtu aliyefundishwa akafundishika.
Nikamwambia Daktari Mwaluko, ukichoka huku
njoo Majengo, nina kiti cha pili.
Akacheka.

Usiku wa pili, saa saba na kitu,
moyo uliruka mshono.
Sijui niseme vipi tena. Miaka thelathini na moja
nasikiliza sindano; naijua ikipoteza uzi,
mlio unakuwa mwepesi, wa haraka,
kitambaa kinapita na hakuna kinachoshikwa.
Ndivyo kifua changu kilivyokwenda.
Ta-ta. Ta. Tatata. Kimya
kirefu kuliko adabu. Tatata tena.

Mia na hamsini na nane, ilisema mashine.
Halafu mia na thelathini. Halafu mia na sabini,
kama dalali wa mbuzi mnadani Msalato.

Nesi Sechelela hakukimbia.
Hilo nitamshukuru mpaka nizikwe: hakukimbia.
Alivuta kiti, akanibandika vibandiko vya baridi,
akasema, "Chumba cha juu cha moyo wako
kinatetemeka badala ya kupiga.
Hutokea baada ya upasuaji. Tunaijua hii."
Akatundika chupa ya dawa. Tone, tone, tone,
kwa mpangilio niliouonea wivu.

Kitanda cha pili, mzee Chibago wa Mpwapwa
aliamka akaniambia, "Piga moyo konde, fundi."
Nani apige?
Wenyewe unapiga upendavyo, mimi nimeachiwa konde.
"Basi jipe moyo," akaongeza.
Baba, huu mmoja niliopewa umenishinda.

Kisha mvua ya kwanza ya Desemba ikaanguka juu ya bati.
Ilikuja vilevile, bila hesabu:
tone, mawili, hakuna, kishindo.
Nikalala nikisikiliza vitu viwili visivyo na mpangilio,
na kimoja mlinzi alikuwa akikishukuru huko nje kwa sauti.

Niliwaza kola. Kumi na tisa.
Nani angezimalizia? Ndahani? Ndahani anakata upande.
Nilimwaza Damari nyumbani, simu haina chaji,
amelala, hajui bado
kwamba yeye ni nusu mjane.

Saa kumi na dakika arobaini ukarudi.
Haukubisha hodi. Ta, ta, ta,
kama mtu aliyetoka kwenda dukani,
amerudi na kibiriti, hana maelezo.
Sechelela akatazama karatasi, akanitazama mimi.
"Mbukwa, fundi."
Nikashindwa kuitikia. Nililia kwa uangalifu
kwa sababu ya zile nyuzi saba.

Sasa ni Februari. Nina kidonge cha asubuhi,
kingine cha kuzuia damu isigande, na kadi ya kliniki.
Watoto walivaa sare zao; mbili zilichelewa.
Daktari anasema huenda isijirudie.
Hiyo huenda nimeikunja, natembea nayo mfukoni.
Usiku Damari ananyoosha mkono gizani,
haulizi kitu, ananishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili,
anahesabu, midomo inacheza bila sauti.
Siku nyingine akimaliza anasahau kuniachia.

Mchana nikikanyaga cherehani, mguu unasita.
Jana iliruka mshono kwenye gauni la bibi harusi,
nikashika kifua badala ya gurudumu.
Mwenye gauni akauliza, "Imeharibika?"
Nikamwambia, subiri kidogo.
Nikatia uzi upya.