Jiwe la Kilo

Bi Somoe, muuza bizari wa Marikiti,
aliniletea mizani yake ndani ya kikapu cha ukindu,
na mawe matano yamefungwa kwenye kanga kuukuu
kama watoto waliokatazwa kutoka nje.
"Nipakie rangi," akasema. "Buluu.
Buluu ya birika la enameli, unaijua?
Isiwe buluu ya polisi."

Naijua. Ila rangi si ya kwanza.
Ya kwanza ni kukwangua.
Mwaringa akashika brashi ya waya, mimi msasa,
tukaketi mlangoni, Majengo, migongo imeloa,
na hewa yenyewe chumvi, inakila chuma
hata hatujamaliza kukisafisha.
Huku kwetu kutu haisubiri mvua.
Tundika ufunguo Ijumaa, Jumatatu umeota ndevu.

Kijivu kikatoka kwanza, gamba la kitunguu.
Chini yake kijani, kile cha milango ya zamani.
Chini ya kijani nyekundu,
na chini ya nyekundu, herufi mbili za msumari: M.S.
Mamake, nadhani.
Nikasita hapo.
Kisha nikaendelea. Msasa haujui kusoma.

Jioni nikalipeleka jiwe la kilo kwa Kantilal sonara.
Akaliweka kwenye mizani yake ya kioo, akashusha miwani.
"Mia tisa thelathini na nane."
Akarudia, maana sikujibu.
Gramu sitini na mbili!
Zimebanduka punje kwa punje, vumbi jekundu
chini ya meza ya Bi Somoe,
zikafagiliwa kila magharibi pamoja na maganda ya iliki.

Usiku sikulala vizuri.
Mimi fundi rangi. Kufunika ndiyo riziki yangu.
Praima, mikono miwili ya buluu, nani angejua?
Washairi nao wana mizani yao, huhesabu kwa vidole;
ikipungua silabi, neno huvutwa likafika.
Chuma hakivutiki.

Asubuhi nikaenda Marikiti.
Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanitoroka,
nikasema tu, "Bi Somoe, jiwe lako halitimii."
Alikuwa akihesabu noti za mteja. Hakuinua kichwa.
"Mwanangu, unadhani sikujua?
Mama alijua.
Ndiyo maana mizani ikishatulia
mkono wangu hurudi guniani.
Jiwe hula, mkono hulipa."

Nikarudi kazini na aibu isiyokuwa yangu.
Kitakoni mwa jiwe mna kitundu, kilichimbwa kiwandani
kwa siku kama hii.
Nikayeyusha risasi kwenye kopo la maziwa,
nikamimina, nikakwangua, kwa Kantilal mara tatu,
mpaka akasema, "Basi. Umebakisha nafasi ya rangi.
Na rangi ni uzito, fundi, usisahau."

Praima. Msasa laini, wa kubembeleza. Buluu, tena buluu.
Tanuri langu ni friji bovu lenye koili ya jiko:
lililozaliwa kupoza, mimi nimelifunza kuoka.
Mwaringa akafungua mlango kabla ya saa,
akagusa aone kama kumekauka.
Nikapiga kelele, nimechelewa.
Alama ya kidole chake imebaki pale chini, karibu na risasi.
Sikuifuta.

Bi Somoe akaligonga jiwe kwa ukucha. Ting.
Akacheka kama msichana.
Akanilipa nusu pesa, nusu bizari,
na bizari akaipima palepale, juu ya benchi langu,
katikati ya makopo ya tina.
Kitanga kikapanda, kikashuka, kikatulia.
Kilo. Kilo hasa, ya kwanza pengine
tangu kabla sijazaliwa.

Nikangoja nione.

Mkono ukasita kidogo,
ukarudi guniani.