Kasha la Bára

Wamenipa vipimo kwenye karatasi:
urefu, upana, kimo cha mabega akisimama kwa minne,
na chini kabisa, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa Jindřiška:
*Hapendi kona zenye giza.*
Miaka ishirini nachonga makasha katika bustani hii ya Brno,
hakuna aliyewahi kuniandikia mnyama anapenda nini.

Swala hutaka ukuta mzima, asione nje akapaparika.
Tumbili usimwachie msumari, ataung'oa.
Kobe hahitaji fundi: tulimsukuma kwa toroli
kutoka nyumba ya zamani hadi ile ya vioo,
naye akachungulia njia nzima kama mwenye nyumba
anayekagua vyumba vya wapangaji wasiolipa.

Heroe walitembea wenyewe, Jumatatu alfajiri,
kabla dirisha la tiketi halijafunguliwa,
arobaini na mmoja, katikati ya mashuka tuliyoyashika,
wakapita mbele ya kibanda cha soseji
shingo juu, kama kamati iliyochelewa kikao.
Mmoja alisimama kujitazama kwenye kioo cha kibanda.
Tukasimama wote. Nani wa kumharakisha?

Lakini dubu si heroe.
Bára ana miaka ishirini na sita, na shimo lake
(kuta za zege, ngazi tatu, bwawa la maji ya kijani)
lilimwagwa mwaka ambao baba yangu alikuwa kibarua hapa.
Ngazi ya pili ina alama pale mwiko wake ulipoteleza.
Sijamwambia mtu. Wao wana ramani,
wana mabango yenye picha za miti ambayo haijapandwa,
na mkurugenzi siku hizi husema "makazi",
neno "kizimba" limemtoka kinywani kama jino bovu.

Nilitumia mwaloni. Kila kona nikaacha upenyo
wa vidole viwili, mwanga uingie.
Tukaliweka kasha mlangoni mwa shimo, ncha zote wazi,
Jindřiška akaanza kupanga matufaha ndani.
Wiki ya kwanza, pua.
Ya pili, mabega.
Ya tatu akaingia mzima, akala, akatoka kinyumenyume
kama mtu aliyekosea harusi.
Ya tano akalala humo mchana kutwa, akikoroma,
na Radovan, ambaye kreni yake hukodiwa kwa saa,
akatazama mkono wake: "Mwamsheni basi."
"Wewe ukilala," Jindřiška akamjibu, "nani hukuamsha kwa kreni?"

Alipoamka tukafunga, taratibu. Akapaa.
Kilo mia mbili na thelathini, kimya,
juu ya paa la pundamilia, juu ya miti mitupu ya Machi,
pua nyeusi kwenye upenyo wa vidole viwili
ikivuta mji: makaa, mkate, mvua iliyokaribia.
Mbao zilialika mara moja tu.
Moyo wangu sikuuhesabu.

Makazi mapya yana nyasi, mto wa pampu,
gogo lililolazwa na mhandisi kwa hesabu.
Siku ya kwanza hakutoka kwenye kasha.
Siku ya pili hakutoka. Watu wakapiga picha za mbao zangu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu hakulingoja jembe.
Alitoka, akanusa bomba, akaling'oa,
akachimba vitanda vyote vya maua
mpaka akaufikia udongo mweusi, wenye mizizi na minyoo,
akajilaza katika shimo alilochimba mwenyewe.

Kule chini tingatinga lilikuwa limefika ngazi ya pili.
Nilikwenda. Kijana wa mashine hakuniuliza kitu,
alizima injini tu, akawasha sigara.
Sikuokota chochote.

Kasha bado lipo kilimani. Bára huingia usiku.
Leo wameniletea karatasi nyingine: fisimaji, wawili,
vipimo vitatu, mhuri, sahihi.
Nimeirudisha kwa Jindřiška
pamoja na kalamu ya risasi.