Stesheni ya Arua

Reli yenyewe haizidi shibiri mbili upana.
Injini inamfika mtu mzima kiunoni,
na dereva, Fundi Ochieno, baba yangu,
hukalia tangi la maji, magoti yamepita masikio,
panzi aliyevaa kofia ya kazi.

Mita mia nne kuzunguka bustani ya Jinja,
na humo tumezitia nchi mbili:
Mombasa penye bomba,
Voi kwenye benchi lililovunjika mguu,
Nairobi, Nakuru, kisha kona ya Tororo
ambako mabehewa hulia kama vitoto vya mbuzi.
Tikiti senti hamsini.
Unaondoka pwani saa nne,
saa nne na dakika sita uko pwani tena,
hukupotea, hukuibiwa, ila masizi puani.

Mwaka ule makaa yaliadimika, na sukari, na sabuni.
Baba akachoma magunzi.
Injini ikanuka jiko la shangazi
lakini ikaenda.

Aprili, mvua inanyesha, akaja askari peke yake.
Kiatu kimoja hakina kamba.
Mimi, miaka tisa, mkata tikiti.
Akajikunja ndani ya behewa la pili,
bunduki kaipakata kama mtoto mwenye homa,
akauliza:
"Hii inafika Arua?"

Kicheko kilinifika kooni. Baba akanitazama.
"Inafika," akasema, akapiga honi.

Tulizunguka mara tatu.
Kila kibao askari alikisoma, midomo ikicheza,
kama atafutaye jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.
Mzunguko wa tatu, kwenye mabingobingo, pasipo na kibao,
baba akafunga breki.
"Arua."

Akashuka. Akayajaribu majani kwa mguu usio na kamba.
Akanitia kiganjani shilingi nzima
na kabla sijatafuta chenji
michongoma ilikwisha kumfunika.

Kesho yake baba alipaka kibao.

Ile reli kubwa, ya serikali,
iliishia Pakwach. Arua haikufika,
na siku hizi mbuzi wanalala juu yake.
Yetu naitia mafuta kila Ijumaa.
Watoto wakiuliza mbona Arua iko jirani na Mombasa
nawaambia wakae vizuri, mikono ndani.

Mizunguko mitatu ilikuwa shilingi na nusu.
Baba aliihesabu safari moja.
Basi nina senti hamsini zake,
ziko kwenye kopo la grisi,
sarafu ambayo hakuna duka litaipokea.