Maagizo kwa Gwakisa, Kabla ya Gari la Saa Moja

Funguo ni tatu, Gwakisa. Zihesabu mbele yangu.
Huu wenye kutu ni wa geti. Huu mfupi, mlango.
Huu mdogo, mdogo kama jino la mtoto,
ni wa mnyororo unaomfunga yule pale
kwenye mguu wa meza,
na mguu wa meza nimeuzika sakafuni
kwa saruji niliyoombaomba kwa fundi wa choo cha kanisa.
Cheka tu.
Yule wa kwanza alitokea dirishani usiku wa mvua,
mvua yetu ya Tukuyu, isiyomruhusu mtu
kumsikia hata mbwa wake.
Wakaniachia kipanya kikining'inia kwa mkia.
Miezi kumi na minne nililipa mkopo
wa mashine nisiyokuwa nayo.

Usimsogeze dirishani. Ukungu wa Rungwe hauna hodi.
Mfunike kitenge kile cha zambarau,
lakini akishapoa;
ukimfunika na moto wake, umempika.

Radi ikianza kunguruma upande wa Kiwira
usisubiri ikutaje jina.
Hifadhi, zima, chomoa.
Na umeme ukirudi usikimbilie swichi:
hurudi na hasira, kama mtu aliyefukuzwa harusini.
Hesabu hadi mia. Kunywa chai yako kwenye benchi.
Nimesema benchi.

Sasa, flashi.
Zitakuja: za wanachuo, zimefungwa kamba ya kiatu;
ya karani wa kiwanda, inanuka majani ya chai;
ya mwinjilisti Mwaijande, mahubiri juu,
filamu za ngumi chini.
Kila mmoja atakwambia, "Hii safi, nimeitoa nyumbani sasa hivi."
Mpokee kwa mikono miwili.
Mtu ni mgeni wako, mpe kiti;
flashi ni viatu vyake,
na hujui vimekanyaga wapi.
Chomeka, usifungue. Ikijifungua yenyewe, ifunge.
Iskani mpaka mstari wa kijani ufike mwisho,
foleni ikiguna, iache igune.

Ukiiokota mlangoni, imelala peke yake kama shilingi mia,
usiichomeke kabisa.
Shilingi mia haina nia.

Na wale wa "nichajie tu simu kidogo hapo kwenye kompyuta":
soketi iko ukutani.

Mwezi wa nne alikuja mama Tuntufye,
flashi kaifunga kwenye pindo la khanga.
Vijana wa duka la juu walimwambia haina kitu.
Nikaiskani: virusi arobaini na kimoja.
Mashine ikaniuliza, nifute vyote?
Kidole kilikuwa tayari.
Kitu gani kilinizuia, sijui; nikatazama ujazo.
Ilikuwa imejaa pomoni.
Sasa, kisicho na kitu hujaaje?
Kirusi kilikuwa kimeyaficha mafaili yake,
kikabandika njia za mkato zenye majina yaleyale,
kama mwizi anayelala kitandani kwako
na kuitikia ukiitwa.
Nikayafichua moja moja mpaka jioni.
Mumewe, marehemu, anahesabu miche ya parachichi na binti yao,
kwa Kinyakyusa, wanakosea kwenye thelathini, wanarudia.
Halafu anakohoa. Halafu anasema, zima hiyo.
Mama akasikiliza, akasimama, akatoa mia tano.
Nilipokataa alikasirika sana.
Nikapokea.

Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kufuta.
Wala wa kuchomoa: bofya kwanza,
ngoja mashine ikwambie salama,
hata kama mwenyewe kashanyoosha mkono.

Hilo ndilo gari, linapiga honi.
Nitarudi Alhamisi, madaktari wa Rufaa wakipenda;
nao wana mashine yao ya kunitazama ndani.

Funguo ngapi?
Ule mdogo usiuchanganye na chenji.